Umri Gani Uandikwe?

Wazazi wengi wameona tarakimu 12, 16 au 18 mwanzoni mwa sinema, nao hawakuuliza zimetoka wapi. Huko Ubelgiji sheria ya tarehe 1 Septemba 1920 iliwakataza watoto wasiotimiza miaka 16 kuingia sinema, isipokuwa picha imekubaliwa kwanza na tume. Ilidumu karibu miaka mia. Katika Kongo ya Wabelgiji jambo likageuzwa: amri ya mwaka 1945 iliwazuia Waafrika wote, hata wazee wenye mvi, wasione ila picha zilizoruhusiwa kwa ajili yao. Babu zetu wakahesabiwa watoto. Basi wako wanaodhani kwamba kila kizuizi cha sinema ni dharau ya namna ile. Sivyo. Mzee alinyimwa haki yake, lakini mtoto wa miaka sita naye ana haki ya kulala bila hofu.

Twasema hayo kwa sababu wanafunzi wa hapa Nyangwe wametengeneza sinema fupi kwa simu, wakatujia kuuliza waandike umri gani. Ni hadithi ya mlinzi wa ghala aliyekutwa amekufa kando ya mto Lualaba, na mtazamaji humshuku kila mtu mpaka mwisho. Walikwisha kuandika 18. Tulipouliza sababu, mmoja akajibu, "Mwalimu, 18 ndiyo inayovuta watu."

Tuliitazama mara mbili. Damu ni kidogo tu, kwenye kitambaa. Lakini pana mahali mikono inamkaba mlinzi koo, na kamera haiondoki. Tunamsikia mpaka anyamaze. Waingereza wana alama ya 12 tangu mwaka 1989: kifo chaweza kuwamo, bali picha isikawie juu ya maumivu. Kule Kenya zipo ngazi nne: ya watu wote, ya uangalizi wa wazazi, ya 16 na ya 18. Kwa kipimo chetu, sekunde zile zikipunguzwa, 12 yatosha. Zikibaki, 16 ndiyo kweli. Ile 18 ni chambo tu.

Wala hatusemi mtoto asisikie habari za kifo. Darasani twafundisha juu ya tarehe 15 Julai 1871, mamia ya watu, wengi wao wanawake, walipouawa katika soko la Nyangwe, naye Livingstone akishuhudia. Ila mwalimu yupo pale kujibu swali. Ndiyo maana tangu mwaka 2002 Waingereza humruhusu mtoto wa chini ya miaka 12 kuona sinema nyingine za ngazi hiyo akiwa na mtu mzima.

Liko tatizo kubwa kuliko tarakimu. Vijana walitaka kuionyesha uani jioni, kwenye shuka nyeupe. Uani hapana mlango. Mama atakuja na mtoto mgongoni, na wadogo watakaa mbele kabisa. Tuliwashauri waionyeshe darasani, mmoja wao asimame mlangoni, na tangazo liseme waziwazi: mna mauaji, mtu anakabwa koo, watoto wadogo watatishika.

Mlango wameukubali. Juu ya zile sekunde wangali wanabishana: aliyekata na kuunga picha asema ndizo nzuri kuliko zote, msichana aliyeigiza mjane ataka zifupishwe. Nafasi ya tarakimu ingali tupu.