Ami aliamini video yangu

Mnaonifuata tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video ya kutoa utomvu wa mwembe kwenye gari. Waya ya kusugulia sufuria, petroli kidogo, sugua, futa, basi. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Juzi nimeifuta, na wengi mmeniuliza kwa nini.

Kwanza ukweli. Ule mlango niliousugua haukuwa kwenye gari. Ulikuwa mkuukuu, umelazwa nje ya gereji, na utomvu niliupaka mwenyewe nusu saa kabla ya kurekodi. Haujakauka hata. Yaani sikuwa nimejaribu kitu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nyumbani kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa ami. Yeye alinipa ufunguo wa Probox yake niwe napeleka oda za biriani za mamangu, akaniambia, "Chuo umekiacha, sawa. Gari usiliache juani." Sisi twakaa Old Town, na vichochoro vya huku mwavijua, gari hulilazi mlangoni. Nikawa naliegesha Kizingo chini ya mwembe, kivuli safi, najiona nimetii. Ilikuwa Januari, msimu wa maembe. Baada ya wiki mbili boneti imejaa madoa ya kahawia, magumu kama gundi ya seremala.

Ami si mtu wa TikTok. Binti yake ndiye aliyemwonyesha video yangu, na ndiyo ya kwanza yangu kuitazama. Asubuhi moja, mimi bado nimelala, akatoka na waya na petroli. Nilipofika nikakuta boneti ina mabaka mawili ya kijivu, rangi imetoka hadi praima. Gari lile lilipigwa rangi upya gereji zamani, si ile ya kiwandani. Petroli ikalainisha, waya ikamaliza kazi.

Aliniuliza jambo moja tu. "Kwani wewe ulipojaribu ilitoka vizuri?"

Nikasema, "Ndiyo, ami."

Sasa niwape nilichofunzwa na fundi wa rangi, na safari hii nimejaribu, kwenye upande uliobaki wa boneti ile ile. Tafuta kivuli, bati lipoe kabisa. Osha gari kwanza, maana mchanga ukibaki ndio unaochora. Halafu kitambaa cha maji moto na sabuni, kilaze juu ya doa dakika chache. Gundi ya mwarobaini huishia hapo hapo, inayeyuka kwa maji. Vile vitone vidogo vya kunata vinavyojaa kioo chote mara nyingi si utomvu hata, ni uchafu wa wadudu wanaofyonza majani, ni sukari tu.

Utomvu wa mwembe ni habari nyingine. Mti huu na mkorosho ni ukoo mmoja, na kama umewahi kung'ata embe bichi likakubabua mdomo unajua nasema nini. Una mafuta na ulimbo ndani, maji peke yake hayatoshi. Hapo ndipo spiriti ya duka la dawa inapoingia. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa ndani ya mlango, hasa gari likiwa limepigwa rangi upya. Lowesha kitambaa laini, kiweke juu ya doa kama nusu dakika, pangusa pole pole, rudia. Usisugue. Doa moja lilinichukua mara sita. Ukimaliza osha tena, upake waksi, maana spiriti inaiondoa. Thina usiguse. Na usingoje wiki mbili kama mimi, kila siku ya jua inazidi kuula rangi.

Ilinichukua saa tatu. Haiwezi kuwa video ya dakika moja, na sijui nani ataitazama.

Ijumaa baada ya swala nilimfuata ami barazani nikamwambia kuhusu ule mlango. Akanywa kahawa yake kwanza.

"Niliitazama tena ile video," akasema. "Mlango ule hauna gari."

Kumbe alijua siku zote. Rangi ya boneti namlipa kidogo kidogo kutoka kwa pesa za oda. Ufunguo bado ninao mimi.