Chuo cha Jirani Kipo Ng'ambo ya Mto

Najua nimepotea. Fildi iliisha, nikadandia basi kuja kwetu Murongo, na huku mtandao unakuja unapotaka wenyewe. Tena ukizubaa simu inahamia Uganda bila kukuomba ruhusa. Unashangaa salio limeyeyuka na wewe bado umekaa kwenu chini ya mgomba.

Wengi pale Mlimani nikisema natoka Kagera mnajibu "aah, Bukoba!" Jamani, Bukoba kwetu ni safari. Murongo ipo wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kule juu kabisa kwenye pembe ya ramani. Mbele yetu kuna mto Kagera, ng'ambo ya mto kuna Kikagati, na Kikagati ni Uganda. Ukitupa jiwe kwa nguvu, limeshasafiri nje ya nchi.

Sasa niwaulize: chuo kikuu kilicho karibu na kwenu ni kipi? Mimi nilipochaguliwa UDSM sikujisumbua na swali hilo. Chuo ni Dar, basi, kilomita kama 1,400 unazila kwenye basi hadi miguu inavimba. Swali hili limeletwa na mdogo wangu.

Bidada kamaliza kidato cha sita, PCB, na matokeo ya Julai yametoka mazuri, tunamshukuru Mungu. Anataka udaktari, hataki kusikia kitu kingine. Shida ni kwamba baba hatunaye tangu nikiwa kidato cha pili, bibi miguu haimbebi tena, na mama yupo peke yake na migomba yake na kahawa yake. Jioni moja tumekaa jikoni, mama akasema taratibu, "Wewe nilikupeleka Dar, nakuona mara moja kwa mwaka. Huyu naye mnampeleka wapi?" Kimya. Halafu akasema, "Mbona Mbarara ni hapo tu?"

Na kweli ni hapo tu. Toka darajani mpaka Mbarara ni kama kilomita 75, lami tupu. Shangazi yetu ameolewa Isingiro, njia hiyohiyo, na binti yake anasoma unesi pale Mbarara, kwenye chuo kikuu wanachokiita MUST. Bibi mwenyewe aliwahi kupelekwa hospitali ya huko. Mama akaamua: nendeni mkaone kwa macho yenu, msiniletee habari za kusikia.

Basi bwana, safari ikaanza na makaratasi. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wao wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi Watanzania bado tunatakiwa pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya njano ya chanjo juu. Mimi pasipoti ninayo, mdogo wangu tukamkatia hati ya dharura. Bibi alicheka sana. Yeye anakumbuka watu wakivuka kwenda harusini ng'ambo na kurudi usiku, karatasi hakuna. Lakini bibi huyohuyo anakumbuka pia vita vya 1978 na 1979, vifaru vikiunguruma, na Februari 1979 wanajeshi wetu wakaingia hiyohiyo Mbarara. Kwa bibi mto umekuwa vitu vingi.

Tukagonga mihuri, tukachenji hela (shilingi yetu ina thamani kuliko ya kwao, ukipokea mafungu unajiona tajiri kwa dakika tano), tukavuka daraja kwa miguu. Hapo mtoni siku hizi kuna kituo cha umeme cha kama megawati 14, na nchi zote mbili zinanufaika nacho. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, umeme umevuka bila hati ya dharura."

Kikagati ukisema "teksi" wanakuelewa, ila inakuja Hiace. Huko teksi ndiyo daladala, na ile teksi yetu ya kukodi wanaiita speshohaya. Njia nzima ni vilima na migomba ya Isingiro, migomba mpaka macho yanachoka. Kama saa moja na nusu hivi, tukaanza kuona Mbarara. Mji huu ulipandishwa kuwa jiji Julai 2020, na upande wa barabara ya Kampala wameweka sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu. Mtu wa Karagwe ukiona zile pembe hujisikii mgeni sana.

Binamu alitupokea stendi akatupeleka moja kwa moja chuoni. Wadau wa Mlimani msicheke, ila kampasi ya mjini unaizunguka kabla soda haijaisha. Hakuna daladala ya kukatisha ndani kama kwetu. Kipo palepale mjini, kimepakana na hospitali ya rufaa, na hiyo ndiyo siri yake. Chuo kilianzishwa mwaka 1989, kikaanza na udaktari kwa kutumia hospitali hiyo, mengine yakafuata. Kampasi mpya ipo Kihumuro, nje kidogo ya mji kwa barabara ya Bushenyi, yenye nafasi ya kupumua. Wito wao wa chuo unacheza na jina la MUST, maana yake ni kwamba kufaulu ni lazima. Binamu akasema ukipata sapu watu wanakukumbusha huo wito kila siku.

Kuna kitu kimoja nilimweleza mdogo wangu tukiwa tumekaa kwenye nyasi, naye alikuwa hakijui. Chuo hiki kilianzishwa na serikali ya Museveni, na Museveni huyu ni mtoto wa huku Ankole, kasoma Ntare, shule ya hapahapa Mbarara. Lakini chuo kikuu alisoma wapi? Mlimani! 1967 mpaka 1970. Wakati anafika, Dar, Makerere na Nairobi vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi kilipovunjwa 1970. Kabla ya hapo Nyerere alisoma Makerere, 1943 mpaka 1945, na Mkapa naye akapita hapohapo. Yaani wazee walivuka mipaka kwenda chuo, sisi tuliozaliwa mtoni tunaona ajabu.

Mdogo wangu akanijibu, "Sawa, lakini wao nani alikuwa anawalipia?" Nikanyamaza kwanza.

Tukaingia uwanja wa hospitali. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye benchi na karatasi mkononi, anaigeuza chini juu. Mdogo wangu akamsogelea akamsalimu kwa Kinyambo chetu, "Osiibire ota?" Yule bibi akaitikia kama anaitikia mjukuu wake. Kinyambo na Kinyankole ni ndugu wa tumbo moja, mnapishana maneno mawili matatu tu. Akampa karatasi, bidada akaisoma, akamweleza ni dirisha gani la dawa na vidonge vile anameza mara ngapi, akamshika mkono mpaka dirishani. Bibi akashukuru mara nyingi, akauliza, "Wewe ni daktari?" Mdogo wangu akasema bado.

Jamani, niliona uso wake. Hapo nikajua Mbarara imeshamteka. Anaweza kutibu watu kwa lugha ya mama yake, na Ijumaa jioni akapanda teksi akalala nyumbani. Nani mwingine ana bahati hiyo?

Ila si unajua tena, bahati ina ada. Binamu akatupeleka kwenye ubao wa matangazo, tukasoma. Namba siwatajii, kila kozi na bei yake na zinabadilika, ila ya udaktari ilikuwa inatutazama kwa jeuri, na ni ya muhula mmoja. Miaka mitano. Mdogo wangu akatoa simu akaanza kuigeuza kuwa shilingi yetu, halafu magunia ya kahawa. Alipofika mwaka wa tatu kahawa ya mama ilikuwa imekwisha na ya jirani pia.

Na bumu? Mkopo wa HESLB ni wa waliodahiliwa vyuo vya ndani ya nchi. Ukivuka daraja unauacha nyuma yako. Halafu kuna TCU: kabla ya kwenda wanatakiwa wakupe cheti cha kuonyesha hawana pingamizi, na ukimaliza shahada yako wanaitambua kwanza ndiyo uitumie nyumbani. Mambo ya haki kabisa, mtu asije akasoma chuo cha kwenye mfuko. Ila ukiyapanga yote kwenye mstari, kilomita 75 zinakuwa ndefu kuliko 1,400.

Kingine ni lugha ya vibarazani. Kwetu darasani ni Kiingereza, lakini mkishatoka mnakaa chini ya mti na madesa yenu, mnaelekezana kwa Kiswahili mpaka kila mtu kaelewa. Pale ni Kiingereza, Kinyankole na Kiganda. Kiswahili nilikisikia sokoni kwa Wakongo, wengine wanatokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Uganda ilikiweka Kiswahili kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini High Street ya Mbarara bado haijapata taarifa. Mwenye duka mmoja nilipomwambia "naomba maji" aliniuliza kama mimi ni askari.

Baada ya hapo tulizunguka mji, maana tulihitaji upepo. Tulikula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, mpinzani halali wa chipsi mayai. Shangazi alikuwa ametuagiza tusiondoke bila kuonja eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, tukaula na matoke kwa mama ntilie mmoja nyuma ya soko. Tukashuka mpaka mto Rwizi, tukapanda kilima cha Nyamitanga penye kanisa kuu la Wakatoliki. Ukisimama pale unauona mji wote umelala, mabati yanamemeta. Rwizi una rangi ya chai ya maziwa na maji yake mwisho wa safari yanaishia Ziwa Victoria, kama ya Kagera yetu.

Pale juu binamu alitueleza kitu ambacho ubao wa matangazo haukukiandika. Yeye ni Mganda, yupo kwao, na bado muhula uliopita alikaribia kuzuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya ada. Shangazi akauza ng'ombe. "Msidhani huku ng'ambo tunaokota," akasema. Mdogo wangu akamuuliza kama anajuta. Akasema hapana, ila ng'ombe hawakuwa wengi.

Tulirudi jioni, mpakani tukawahi kabla hakujafungwa. Mama alikuwa ametuwekea chakula. Mdogo wangu hakumpa habari vipandevipande. Alimweleza yote kwa mpangilio: bibi wa benchini, ada, mkopo, TCU, ng'ombe wa shangazi. Mwishoni akasema ataomba Bugando ya Mwanza chaguo la kwanza na Muhimbili la pili, kwa sababu huko bumu litamfuata. "Mama, Mbarara ningekuwa naja kila wiki, lakini kila wiki ningekukuta umeuza kitu."

Mama hakujibu palepale. Aliendelea kupakua. Baadaye akasema, "Mwanza kuna meli ya kuja Bukoba." Ndiyo mama zetu hao. Alikuwa ameshaanza kupanga nauli.

Maombi yameshatumwa, tunasubiri majina. Na mimi bado nalifikiria lile swali. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kutangaza wametangaza. Kwa mtoto wa Murongo tangazo hilo litakuwa kweli siku mkopo wake utakapoweza kuvuka daraja kama unavyovuka ule umeme. Si lazima awe mdogo wangu, yeye ameshachagua. Lakini pale kijijini wapo wadogo wengine, wanachunga mbuzi huku wanaiona Uganda kila asubuhi.

Nyie wa Namanga, Sirari, Tunduma, Kasumulu, kwenu ikoje? Chuo cha jirani kipo upande gani?

Haya, Oktoba ndiyo hiyo inakuja, tuonane Mlimani. Nitakuja na kahawa ya kutafuna ya kutosha, ila nani ana nafasi chumbani anibebe wiki ya kwanza? Mzigo wa kahawa ndiyo kodi.