Mgeni wa Bara Katika Dar es Salaam

Mji mkubwa ni wa wote. Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, ulikua kwa jasho la watu wa pwani na wa bara. Kwa hiyo sisi tutokao Chala, katika nyanda za juu za Ufipa, hatuna sababu ya kuuingia kama waomba ruhusa. Hata hivyo twawaona vijana wetu, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wakificha lafudhi yao na kuona haya kuuliza njia. Haya hiyo huwanyima mji. Sisi ambao utumishi wa Serikali ulitupeleka huko mara nyingi, kabla ya wizara kuhamia Dodoma, ni wajibu wetu kuwaeleza tuliyojifunza.

Kwanza, chakula. Mgeni na adamke aende Feri, Magogoni, wakati mashua zinapoleta samaki na mnada unapoanza. Aliyelelewa kwa migebuka ya Ziwa Tanganyika atawakuta changu, vibua, jodari na pweza. Aulize jina la kila asichokijua. Wakaangaji wapo papo hapo. Mchana na aketi kwenye benchi la mama lishe mwenye wateja wengi, kwani hapo chakula hakilali. Aonje wali wa nazi, maana kwetu minazi haioti. Na akiandaliwa ugali, aule kwa fahari: Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na huenda unga ule ulipita barabara ile ile aliyoipita yeye.

Pili, ununuzi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Anayebeba furushi lake humo na awakumbuke. Jengo la soko, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza. Humo asalimie kwanza, ndipo aulize bei. Bei ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo. Apite maduka matatu kabla ya kutoa fedha, na nauli ya kurudi aifiche mbali na mkono wake.

Tatu, matembezi. Apande pantoni hadi Kigamboni, autazame mji kutoka majini kwa nauli ndogo. Kisha aende Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, aone nyumba za jadi za makabila yetu. Sisi kila tuingiapo humo hukumbuka malungu ya Ufipa, yale matanuri marefu ya udongo ambamo wazee wetu waliyeyusha chuma, na ambayo leo yabomoka nyikani bila wa kuyatazama.

Hapo ndipo ilipo faida ya safari. Aendaye mjini akajua kuuliza, hurudi akijua kuuliza na kwao pia. Kijana aliyetaka kujua jina la kila samaki wa Feri, na arudipo Chala amwendee babu yake, amwulize habari za malungu angali hai wa kumjibu.