Marubani wanagoma nini? Mawazo ya mtu wa Kilwa

Najua nimewatupa kidogo, ni mambo ya test na semina, si mnajua wenyewe. Leo naomba tuongee kitu ambacho kinarudi rudi sana kwenye vijiwe vyetu hapa chuo. Kila ikitajwa habari ya marubani kugombana na mashirika yao, lazima atokee mtu aseme: "Hawa nao wanadeka tu. Mtu analipwa mamilioni, anavaa shati jeupe lenye mistari begani, analala hotelini bure, anagoma nini?" Watu wanacheka, mjadala umeisha, tunahamia Simba na Yanga.

Mie sicheki. Nataka niseme kwa nini, na mnivumilie maana nitazunguka kidogo, kama basi la kusini enzi zile kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijawekwa lami.

Najua mtauliza, mtu wa Kilwa na ndege wapi na wapi? Swali halali. Kwetu wengi tunapanda basi. Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, na tangu Daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 hatusubiri tena kivuko. Lakini ukanda wetu si mgeni kwa ndege. Kilwa Masoko kuna uwanja mdogo wa vile vindege vya injini moja. Lindi wana Kikwetu. Mtwara Air Tanzania wanatua na Q400, zile za mapangaboi. Zamani zaidi East African Airways walikuwa wanapitisha Dakota zao huku kusini, kabla shirika halijasambaratika mwaka 1977. Na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili, ndipo hata mtu asiye na nauli ya ndege alikumbuka uwanja wa ndege ni wa kazi gani.

Halafu jueni kwamba ndege hizi za safari fupi haziendeshwi kama zile za Ulaya. Rubani wa safari ndefu anapaa mara moja na kutua mara moja, basi. Huyu wa safari fupi anaweza kupaa na kutua mara nne au zaidi kwa siku moja, na kazi nzito ya rubani ipo hapo kwenye kupaa na kutua. Wahenga wetu hawakuwahi kuona ndege lakini walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sasa tuje kwenye mgomo wenyewe. Tarehe 5 Novemba 2022, saa 12 asubuhi, marubani wa Kenya Airways walio kwenye chama chao cha KALPA waliacha kazi. Walikuwa kama 400 hivi. Abiria maelfu wakakwama Nairobi. Uongozi ukasema kila siku ya mgomo ni hasara ya kama shilingi milioni 300 za Kenya. Walichotaka nini? Wengi wetu tulidhani mshahara mpya. Hapana. Kikubwa walichodai ni shirika lirudishe michango yake kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni, michango iliyosimamishwa mwaka 2020 kipindi cha korona, pamoja na mishahara iliyokatwa wakati ule. Yaani walikuwa wanadai chao.

Mahakama ya kazi ilikuwa imeshatoa amri ya kuzuia mgomo kabla haujaanza. Marubani wakagoma vile vile. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaja juu. Tarehe 8 mahakama ikaamuru warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya tarehe 9, na wakarudi. Siku nne, kwisha.

Nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana mwalimu mtarajiwa hatakiwi kufundisha nusu ya somo. Kenya Airways haikuwa inaficha hela chini ya godoro. Mwaka 2020 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 36 za Kenya, na 2022 zaidi ya bilioni 38. Mkurugenzi, Allan Kilavuka, alikuwa na hoja kwamba shirika liko mahututi, na mgonjwa aliye mahututi hadaiwi madeni kitandani. Mwaka 2024 ndio likapata faida, ya kama bilioni 5.4, mara ya kwanza baada ya miaka 11. Kwa hiyo siwezi kusema uongozi ulikuwa unaonea watu kwa raha zake. Ninachosema ni kwamba ulivyobana matumizi, mtu aliyeshika usukani naye alikatwa, halafu yeye ndiye akaambiwa mroho.

Siku ya pili ya mgomo huo, tarehe 6 Novemba 2022, wadau mnakumbuka kilichotokea. Ndege ya Precision Air, ATR 42, ikitokea Dar kwenda Bukoba, iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19, na kati yao ni rubani na msaidizi wake. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Precision ni shirika letu ambalo Kenya Airways waliwahi kununua asilimia 49 ya hisa zake mwaka 2003, kwa hiyo ni ndugu wa ukoo mmoja. Mie siunganishi mgomo wa Nairobi na ajali ya Bukoba, havina uhusiano, asije mtu akanilisha maneno. Nasema tu kwamba ndani ya wiki moja tuliwaita marubani wadekaji, halafu tukawazika kama mashujaa. Kazi yao ilikuwa ile ile.

Hebu tuiangalie basi hiyo kazi. Nchi nyingi zinaweka kikomo cha saa za kuruka, kama saa 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Ulaya pia wana kikomo cha saa 100 kwa siku 28. Ukigawa 1,000 kwa wiki 52 unapata saa 19 kwa wiki. Rafiki yangu mmoja wa uhasibu alipiga hesabu hiyo akacheka hadi machozi. "Kaka, saa 19? Hiyo si kazi, hiyo ni likizo!"

Nikamuuliza, mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 24 kwa wiki, kila kipindi dakika 40, anafanya kazi saa ngapi? Saa 16. Kwa hesabu yake basi mwalimu naye yuko likizo. Lakini sisi wa ualimu tuliotoka mazoezini tunajua. Kuna andalio la somo, azimio la kazi, madaftari ya darasa lenye watoto 80 au 90, zamu, na mzazi anayekuja saa 10 jioni. Saa za rubani nazo zinahesabiwa toka ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama. Kufika mapema, kukagua ndege, kupanga mafuta, kusubiri abiria waliochelewa, kukaa saa tatu uwanjani ukisubiri zamu ya pili, yote hayo hayamo kwenye hizo 19. Wanaotunga sheria wanalijua hilo, ndio maana kuna kikomo kingine cha muda wa zamu nzima. Ila kijiweni tunahesabu zile za kuruka tu.

Mfano mmoja wa mbali, halafu narudi pwani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, shirika dogo la safari fupi Marekani, ilianguka karibu na Buffalo. Ilikuwa Q400, aina ile ile inayotua Mtwara. Walikufa watu 50, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake chini. Wachunguzi walisema kosa kubwa ni namna kapteni alivyoishika ndege ilipoanza kupoteza kasi. Lakini walipochimba zaidi yakatoka mengine. Msaidizi wa rubani alikuwa dada wa miaka 24. Mshahara wake ulitajwa kuwa kama dola 16,000 kwa mwaka, kwa hiyo alikuwa akiishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi, na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amesafiri hadi asubuhi ili afike kazini. Alikuwa na mafua. Kinasa sauti kilimsikia akimwambia mwenzake kwamba angejisikia hivi akiwa nyumbani asingekuja, ila akijitoa sasa itabidi alipe hoteli mwenyewe.

Wadau, hapo ndipo mie huwa nanyamaza. Sheria ilikuwepo. Haki ya kusema naumwa ilikuwepo. Alichokosa ni pesa ya kuitumia hiyo haki. Baadaye, baada ya familia za marehemu kupiga kelele sana, Marekani wakabadilisha sheria za mapumziko, na kuanzia 2014 rubani akatakiwa kupata angalau saa 10 za kupumzika kabla ya zamu.

Sasa pwani. Kwetu Kilwa mambo haya tuliyajua kabla ya ndege. Chombo kina mwenye chombo na kina nahodha. Mwenye chombo yuko pwani, anangoja mgao wake. Nahodha yuko ndani. Kusi likivuma vibaya, nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki. Mwenye chombo atanuna, atahesabu hasara, lakini mwenye akili hamlazimishi, maana nahodha ndiye anayeyaona mawimbi na ndiye atakayezama nayo. Akimtisha kwamba nitampa chombo mtu mwingine, nahodha atatoka. Na abiria waliokaa mle na magunia yao ya korosho hawatajua kwamba aliyeamua safari hakuwemo kwenye chombo.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Ugomvi wa rubani na uongozi tunauona kama ugomvi wa matajiri wawili, kumbe sisi abiria ndio tunaogombaniwa. Rubani ambaye akiba yake imekatwa na anajua akisema "nimechoka" ataandikwa vibaya, huyo hana tofauti na nahodha aliyetishwa. Atatoka tu.

Na msidhani ni ya angani peke yake. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, Ubungo pakawa vurugu, polisi wakapiga mabomu ya machozi. Tulisikia zaidi kwamba wanakataa kurudi shule kila wanapohuisha leseni. Lakini moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Mtu anabeba roho 60 kutoka Mtwara hadi Dar, kilomita zaidi ya 550, na hana karatasi inayosema ameajiriwa na nani. Huyo ataanzaje kumwambia tajiri kwamba leo macho yanafumba? Mei wakagoma tena.

Halafu sisi wenyewe. Julai 30, 2012, walimu chini ya CWT waligoma. Walidai nyongeza ya mshahara asilimia 100, posho ya walimu wa sayansi na wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofundisha kwenye mazingira magumu. Mazingira magumu maana yake ni shule kama zile za bara ya Kilwa huko, ambako baadhi yetu tutapangiwa. Agosti 2, Mahakama Kuu kitengo cha kazi ikasema mgomo si halali, walimu wakarudi darasani. Siku nne nao, kama marubani wa Nairobi. Sheria ya ajira ya 2004 inazuia migomo kwenye huduma kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Rubani hakutajwa kwenye orodha hiyo, mwalimu hakutajwa. Ila hatua za kupitia kabla ya kugoma ni ndefu, na ukiruka moja umekwisha.

Kwa hiyo siku mkisikia tena marubani wamegoma, iwe Nairobi au hapa kwetu, kabla ya kusema wanadeka ulizeni maswali matatu. Wanadai kipya au wanadai chao? Mtu wao akichoka anaweza kusema bila kuogopa? Na aliyeamua ndege iruke, yumo ndani ya ndege? Ukipata majibu unaweza bado kusema wamekosea, na wakati mwingine wanakosea kweli, abiria aliyekwama na mgonjwa wake hana kosa. Lakini angalau utakuwa umeuliza kama mtu anayetaka kufika.

Na wale wenzangu wa ualimu mnaocheka zile saa 19, tukutane miaka mitatu ijayo mtu atakapowaambia kazi yenu inaisha saa 8 mchana.

Nawasilisha. Ngoja nikimbie, kuna semina na kikundi chetu hakijachapa hata ukurasa mmoja. Tuko pamoja.