Jeki Fupi na Jeki ya Chini

Mjomba wangu ana gereji Koboko, kando ya barabara iendayo Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini. Kila likizo ya chuo huenda kumsaidia. Gereji yenyewe ni mwembe mmoja, kibanda cha mabati cha kuwekea spana, na uwanja wa udongo mwekundu. Wateja wake wengi ni madereva wa magari madogo ya Kijapani yanayobeba abiria kutoka Arua, safari ya kama kilomita 55 za lami. Gari lililotengenezwa kwa watu watano hubeba wanane, pamoja na mizigo iliyotoka soko la Ariwara, ng'ambo ya Kongo. Springi zilishachoka zamani. Likitufikia na panchari, tumbo lake huwa karibu liguse ardhi.

Hapo ndipo jeki yetu ya chupa ilipokuwa ikishindwa, kwa sababu haikuingia chini ya gari. Tulizoea kuita vijana wanne, wakashika ukingo wa bodi na kuinua kwa nguvu za mikono, na wa tano akasukuma jiwe chini yake. Ndipo jeki ikapata nafasi. Tulifanya hivyo miaka mingi bila ajali, tukadhani ni ufundi.

Desemba mwaka juzi jiwe lilipasuka. Aliyelisukuma alikuwa binamu yangu, na mkono wake ulikuwa bado chini. Vidole viwili vilipondeka. Alipona, lakini kidole cha kati hakikunjiki tena, naye alikuwa anajifunza kazi ya injini, ambayo ni kazi ya vidole.

Wiki iliyofuata mjomba alinipa pesa alizokuwa amezikusanya. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi," akaniambia. "Nenda Arua ukatununulie jeki ya magurudumu, ile ya magari ya chini. Usikosee, pesa ni hizo hizo."

Nilifika dukani nikajieleza kwa Kiswahili changu cha darasani: "Naomba jeki fupi ya magurudumu." Muuzaji aliniletea jeki ndogo nyekundu ya tani 2, inayong'aa. Nilifurahi kuona kwamba naweza kuibeba kwa mkono mmoja. Nikalipa, nikapanda gari, nikarudi Koboko.

Jioni tuliisukuma chini ya gari lenye panchari. Kichwa chake kiligonga bodi, kikakwama nje. Mjomba hakunigombeza. Alichukua rula yangu akapima. Nafasi chini ya gari ilikuwa sentimita 9 na nusu. Jeki, ikiwa imelala kabisa, ilikuwa na sentimita 13 na nusu. Ilikuwa fupi kweli, ila ufupi wake ulikuwa wa kutoka mbele hadi nyuma. Binamu yangu, bandeji bado mkononi, alicheka. Mimi nilitamani kulia.

Usiku ule mjomba alisema kosa lilikuwa letu sote wawili, kwa kuwa hakunieleza na mimi sikumwuliza, na kuuliza si ujinga. Kisha akanifundisha. Kwanza, jeki ikilala, kichwa chake kiko juu kiasi gani kutoka ardhini? Nyingi za kawaida huwa na kama sentimita 13 au 14. Za magari ya chini huwa kati ya 7 na 10. Pili, ikiinuka inafika wapi? Kuna jeki inayoingia vizuri lakini haifikishi gurudumu hewani. Tatu, gari lipimwe siku yake mbaya, yaani likiwa na mzigo na tairi limeisha upepo. Alinionyesha tairi lililoandikwa 195/65. Ukuta wake ni asilimia 65 ya milimita 195, karibu sentimita 13. Upepo ukitoka, sehemu kubwa ya kimo hicho hupotea, na gari hushuka nacho.

Asubuhi nilirudi Arua, rula mfukoni. Muuzaji alikubali kuibadilisha. "Ulisema fupi, nikakupa fupi," akasema, na kwa kweli hakukosea. Safari hii nikasema, "Nataka inayoshuka hadi chini ya sentimita 9." Akaleta mbili. Moja ilikuwa ya tani 3, nayo ingemaliza pesa zote. Ya pili ilikuwa ya tani 2, na kwa pesa ambazo zingebaki ningepata stendi mbili za chuma za kushikilia gari.

Nilisimama pale muda mrefu. Jeki ya tani 3 ingetufaa hata kwa matatu, na matatu ndizo zinazolipa vizuri. Lakini kazi ya jeki ni kuinua, si kushikilia. Inasimama kwa mafuta yaliyofungiwa ndani. Mpira mmoja ukichoka mafuta huvuja, na gari likamshukia aliye chini yake. Nililikumbuka lile jiwe. Gari dogo lina uzito wa kama tani moja na robo, na jeki huinua sehemu yake tu, kwa hiyo tani 2 zilitosha. Nikachukua stendi.

Mjomba alinuna kwa ajili ya matatu, nami sikumlaumu. Jeki yenyewe ni nzito, na magurudumu yake madogo ya chuma yalizama katika udongo wetu. Tulitumia ubao hadi tulipomimina saruji, upana wa gari moja.

Siku hizi nikisikia darasani mjadala kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, hukumbuka duka lile. Maneno nilikuwa nayo. Kitu chenyewe ndicho nilichokuwa sikijui. Gerejini tunaiita jeki ya chini, na kila mtu anaelewa. Binamu yangu ndiye anayeitunza. Kabla mtu yeyote hajaingia chini ya gari, yeye hupita kwanza na kuzitikisa stendi zote mbili kwa mkono wake ule ulioumia.