Pesa na Hela: Siku Moja katika Maonyesho ya Sarafu, Rosemont



Wengi wetu tunaoishi pande hizi za Chicago huupita mji mdogo wa Rosemont mbio mbio, masanduku mikononi na macho kwenye saa, kwani uko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa O'Hare. Hatukuwahi kudhani kuwa ipo siku tutakwenda Rosemont kwa makusudi, wala kwamba tutarudi kutoka huko tukiwa tumejifunza jambo juu ya kwetu. Lakini Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, mwezi wa Safar 1446, ndivyo ilivyokuwa, na aliyetupeleka ni mwanetu wa miaka kumi na mitatu.

Mtoto huyu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, bali akiulizwa hujibu kwa Kiingereza. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, tulipokwenda Unguja, bibi yake alimfungulia fundo la leso akampa sarafu mbili: reale moja ya fedha, na pesa moja ya shaba ya wakati wa Sayyid Barghash. Tangu hapo akawa mkusanyaji. Vitabu vya sarafu vya maktaba amevisoma vyote, na fedha ya Sikukuu anayopewa haendi nayo dukani kununua vitu vya kuchezea, huiweka.

Sasa tuseme kosa letu, maana bila ya hilo habari hii haina maana. Usiku wa kuamkia safari, mtoto alipokwisha lala, tuliitazama ile reale tukaiona imefanya weusi. Tukaona aibu mwanetu aende mbele za watu na kitu kichafu. Tukachukua ndimu na magadi, tukaisugua mpaka ikawaka kama mwezi wa kumi na nne. Ndimu ikaisha kabla hatujaifikia pesa ya shaba, nayo ikasalimika. Asubuhi mtoto alipoiona reale yake hakusema neno. Aliifunga tena katika leso, na njia nzima alitazama dirishani. Tulidhani ni usingizi.

Maonyesho yenyewe huitwa World's Fair of Money, na mwenyeji wake ni American Numismatic Association, jumuiya ya wapenzi wa sarafu iliyoasisiwa Chicago mwaka 1891. Kila mwaka huyafanya, mara katika mji huu, mara katika mji ule, na mwaka huo yalikuwa katika ukumbi wa Donald E. Stephens. Ndugu wasomaji, ukumbi ule ni mkubwa kuliko tulivyotazamia. Mamia ya meza zimepangwa safu kwa safu, kila meza ina kisanduku cha kioo na taa ndogo iliyoinamishwa, na nyuma yake amekaa mtu mwenye kioo cha kukuzia jichoni. Walinzi wamesimama kila mlango. Juu ya hayo hamna kelele za mnada wala za soko, watu hunong'ona kama walio darasani.

Watoto wana nafasi yao maalumu. Huulizwa maswali ya historia, wakipatia hupewa sarafu ndogo za nchi mbalimbali, na hakuna anayewafukuza mezani kwa kuwa hawana kitu mfukoni. Hapo ndipo mwanetu alipoeleza kwa furaha kuwa jumuiya hiyo inamiliki moja ya sarafu tano tu zijulikanazo za senti tano za Marekani zenye sura ya Uhuru na mwaka 1913, iliyotolewa zawadi na mkusanyaji Aubrey Bebee mwaka 1989. Akatufahamisha pia kuwa sarafu za huku hupewa daraja kuanzia 1 mpaka 70, na kwamba iliyosafishwa hupoteza heshima yake mara moja. Alipofika hapo akanyamaza. Nasi tukafahamu kwa nini njiani hakusema.

Tulifika kwenye meza ya mzee mmoja mwenye sarafu za Afrika na Uarabuni. Mwanetu akafungua leso. Mzee aliinua reale kwa ncha za vidole, akaigeuza chini ya taa, akatabasamu kwa huruma. Akasema hii ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na mwaka huo ndio ulioandikwa juu ya reale zote za namna hii hata zilizopigwa miaka mia na zaidi baada ya kifo chake, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen na Oman hawakuitaka nyingine. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na sehemu tano kati ya sita ni fedha safi. "Lakini hii imesuguliwa," akasema, "kwa hiyo thamani yake ni ya fedha iliyomo, si zaidi." Ardhi ingepasuka tungeingia.

Kisha mzee, pengine kwa kumwonea mtoto imani, akatoa dola moja ya zamani ya Marekani, ya fedha, akasema yuko tayari kubadilishana, hii kwa ile. Macho ya mwanetu yakang'aa, kwani dola ile alikuwa akiitafuta muda mrefu. Hapo ikatubidi tuseme. Tulimkumbusha aliyofundishwa madrasa, kuwa fedha kwa fedha haibadilishwi ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na hizi mbili haziko sawa kwa uzito wala kwa usafi wa fedha. Anayetaka huuza yake kwanza kwa thamani nyingine akaipokea, kisha akanunua. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amuulize imamu wake. Tulipomweleza mzee hakuudhika hata kidogo. Alisema basi atainunua reale kwa dola za karatasi papo hapo, kisha mtoto ataamua mwenyewe.

Uamuzi ukawa mikononi mwa mtoto. Sarafu ni yake, na sisi tuliokwisha kuiharibu tulikuwa na uso gani wa kumkataza? Ilikuwa karibu saa saba, adhuhuri imeingia. Tukaomba ruhusa, mlinzi akatuonyesha pembe tulivu ya ukumbi wa nje, tukasali. Baada ya sala mwanetu akasema, "Baba, nataka kumpigia Bibi kwanza."

Unguja ilikuwa inakaribia saa tatu usiku. "Shikamoo Bibi," akasema, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akiendelea kwa Kiswahili bila ya kusukumwa, akikwama na kujikwamua. Alimweleza kuhusu mzee, na dola, na ndimu. Bibi alicheka mpaka simu ikakohoa. "Marahaba mjukuu wangu. Hiyo reale ni katika mahari ya mama yangu. Na mimi kila Sikukuu nikiisugua kwa ndimu na majivu, tangu nikiwa msichana. Mwambie babako asijitie huzuni bure. Nimekupa, ni yako, ukitaka kuuza uza, lakini ujue unauza nini."

Mtoto alirudi mezani akamshukuru mzee, akasema haiuzi. Kisha akatoa ile pesa ya shaba. Mzee aliipokea kwa namna nyingine kabisa. Upande mmoja jina la Sultani kwa Kiarabu, upande wa pili mizani na mwaka 1299, yaani 1882. Rangi yake ya kahawia haijaguswa. "Hii usiisafishe kamwe," akasema, akitutazama sisi.

Ndipo akavuta kisanduku kingine, akamwonyesha sarafu ya shaba ya manjano, nzito, iliyopigwa ovyo ovyo. Juu yake taji, mwaka 1916, na chini herufi T. Ni heller ishirini za Tabora. Wajerumani walipokwisha zibiwa bahari na manowari za Waingereza katika Vita Kuu, walikosa sarafu kutoka kwao, wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora kwa shaba waliyoipata, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Mwanetu akaisoma ile T, akasema taratibu, "Tabora ni kwao mama." Akainunua kwa akiba yake mwenyewe.

Garini aliuliza ikiwa heller ndiyo hela. Naam, ndiyo. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia katika heller mia moja badala ya pesa sitini na nne, na jina likabakia vinywani mwetu hata sarafu zenyewe zilipoondoka. Na pesa ni paisa ya Kihindi, iliyotufikia kwa mkondo wa biashara. Basi mtoto akawa ameshika pesa ya kwao baba mkono huu, na hela ya kwao mama mkono huu, na akacheka peke yake.

Ndugu wasomaji, katika masanduku ya wazee wetu zimo sarafu kama hizi, na wazee wanatutoka. Tuwaulize zilitoka wapi, na majibu tuyaandike katika karatasi tuzihifadhi pamoja, maana mfanyabiashara hujua uzito wa reale lakini hajui ilikuwa mahari ya nani. Na ndimu, kwa radhi zenu, tuziache kwa samaki. Sisi tulimwomba mwanetu msamaha usiku ule. Alisamehe, akaiweka reale mahali pake, ingali inawaka.

Wabillahi tawfiq.