Povu

Heru Juu, mzee akivimba miguu, watu husema ni umri. Bibi yangu ana miaka 67. Jibu hilo amelisikia miezi mingi, huku viungo vikimuuma na mkojo ukitoka na povu.

Nasomea shahada ya uzamili, na darasani lupasi hutajwa kama ugonjwa wa wanawake wa miaka 15 hadi 45: kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ni kweli. Lakini wapo wanaoanza kuugua baada ya miaka 50, na kwao dalili hujificha nyuma ya presha, kisukari na maumivu ya uzeeni.

Kijikaratasi cha kupima protini kwenye mkojo huchukua dakika chache. Kikibadilika rangi, hufuata vipimo vya damu, kisha sindano ya kuchukua kipande kidogo cha figo kitazamwe kwa hadubini. Hapo ndipo lupasi ya figo huthibitika.

Cha Bibi kilibadilika rangi.

“Mjukuu wangu, si uzee tu huu?”

“Bibi, uzee hautoi povu.”

Sasa tunachanga nauli ya kwenda kupima figo. Kutoka Kasulu ni mbali.